Kitanda cha Mfumi Kina Haki ya Kuwamo Chuoni

Miongoni mwa masomo ya vyuo vyetu, ni machache yanayodharauliwa kama somo la sanaa ya nyuzi na nguo. Kijana akisema anasomea kilimo, wazee humpongeza. Akisema anasomea uhandisi wa umeme, humpongeza zaidi. Akisema anasomea kufuma, kusuka na kutia rangi katika idara ya sanaa, huulizwa kama alikosa alama za kumwingiza penginepo. Dharau hiyo imo hata ndani ya vyuo vyenyewe. Katika kikao kimoja cha kupitia mitaala, ambacho nilihudhuria nikiwa mjumbe kutoka upande wa sayansi, ilitolewa hoja kwamba vitanda vya mfumi viondolewe na chumba chake kipangwe kompyuta, kwa kuwa kufuma ni kazi ya mikono isiyohitaji chuo. Hoja hiyo haikupita siku ile, wala haikukataliwa, iliahirishwa tu. Kwa hiyo itarudi.

Makala haya yanakusudia kuijibu kabla haijarudi. Mimi si msanii. Kazi yangu ni kufundisha kemia, na shahada yangu ya udaktari niliifanyia Ulaya juu ya muundo wa nyuzi za mimea. Ninayoyasema hapa nayasema kwa niaba ya sayansi, maana naamini kwamba tukikiondoa kitanda cha mfumi katika shule ya sanaa, hasara itaifikia maabara pia.

Uzi una elimu yake

Tuanze na uzi wenyewe. Unyuzi mmoja wa pamba, kabla haujasokotwa, ni seli moja ndefu iliyoota juu ya ganda la mbegu. Ukikauka hubonyea na kujipinda kama utepe. Zaidi ya asilimia 90 yake ni selulosi, yaani mnyororo mrefu wa vipande vya glukosi vilivyoungana. Unyuzi wa katani nao una selulosi, lakini si seli moja. Ni fungu la seli nyingi zilizogandamana, na ndani yake mna lignini kiasi cha asilimia 10, kitu kile kile kiufanyacho mti uwe mgumu. Ndiyo sababu nguo ya pamba hulala mwilini na katani husimama yenyewe. Mwanafunzi wa sanaa ambaye hajui tofauti hiyo atapoteza mwezi mzima akiilazimisha katani ifanye kazi ya pamba.

Nyuzi za pamba zina urefu wa sentimita 2 au 3 tu. Zawezaje kuwa uzi wa mita 1,000? Jibu ni msokoto. Nyuzi zikisokotwa hubanana, na msuguano kati yake huzizuia kuteleza. Kadiri uzi unavyovutwa ndivyo zinavyozidi kubanana. Msusi wa kamba za usumba katika pwani yetu anajua jambo jingine zaidi: nyuzi zilizosokotwa kuelekea kulia hupotwa pamoja kuelekea kushoto. Kila uzi hujitahidi kujifungua, na jitihada hiyo ndiyo inayoikaza kamba. Hii ni mekanika kamili, nayo ilikuwa ikitumika majahazini karne nyingi kabla haijaandikwa vitabuni.

Kisha njoo kwenye kitanda cha mfumi. Nyuzi za mtande zimetandwa. Mshindio unapita kati yake. Katika kila makutano, ama mtande uko juu au mshindio uko juu. Hakuna hali ya tatu. Kwa hiyo kila nguo iliyofumwa yaweza kuandikwa kwa alama mbili tu, na mfumaji anayepanga nakshi anapanga orodha ndefu ya ndiyo na siyo. Mfaransa Joseph Marie Jacquard wa mji wa Lyon aliitumia tabia hiyo mwaka 1804 alipokamilisha mtambo wa kufuma uliofuata kadi zenye matundu. Katika miaka ya 1830 Mwingereza Charles Babbage aliazima kadi hizo kwa ajili ya mashine yake ya kukokotoa, ambayo wataalamu wanaihesabu kuwa babu wa kompyuta. Waliotaka kukiondoa kitanda cha mfumi ili kuipisha kompyuta wangemfukuza mzazi ili kumpa nafasi mwanawe.

Mfano wa Weimar na Dessau

Huenda msomaji akauliza: ni wapi shule ya sanaa ilipopata kutoa elimu ya nguo yenye manufaa ya kisayansi? Mfano ulio wazi ni shule ya Bauhaus ya Ujerumani, iliyoanzishwa na Walter Gropius mjini Weimar mwaka 1919, ikahamia Dessau mwaka 1925, na kufungwa mwaka 1933 chini ya shinikizo la utawala wa Wanazi.

Shule hiyo ilitangaza usawa, lakini wanawake wengi walioingia walielekezwa kwenye karakana ya ufumaji, kwa dhana kwamba hiyo ndiyo kazi ya wanawake. Anni Albers, aliyejiunga mwaka 1922, hakuichagua karakana hiyo kwa moyo mweupe. Hali yenyewe ilikuwa duni: karakana haikuwa na mwalimu wa ufundi aliyeweza kujibu maswali ya wanafunzi, na mambo mengi walijifunza wenyewe kwa kujaribu. Mwanafunzi mmojawapo, Gunta Stölzl, pamoja na mwenzake Benita Otte, walikwenda mji wa Krefeld mwaka 1922 kusomea utiaji rangi, wakarudi na ujuzi huo karakanani. Mwaka 1927 Stölzl alipewa cheo kamili cha mkuu wa karakana, akakishika hadi mwaka 1931.

Kilichotokea baada ya hapo ndicho kinachotuhusu. Karakana iliyodharauliwa iligeuka kuwa mahali pa majaribio ya vitu. Wanafunzi waliacha kujiuliza tu nguo iwe na picha gani, wakaanza kuuliza nguo ifanye kazi gani: ihimili msuguano kiasi gani, irudishe mwanga kiasi gani, izime sauti kiasi gani. Mwaka 1930 Anni Albers alikamilisha masomo yake kwa kutengeneza kitambaa cha ukutani kwa ajili ya ukumbi wa shule ya vyama vya wafanyakazi huko Bernau, karibu na Berlin. Ukumbi ule ulikuwa na mwangwi uliosumbua. Kitambaa chake upande mmoja kilikuwa na manyoya ya kunywa sauti, na upande wa pili kilifumwa kwa selofani ili kiakisi mwanga. Tatizo la fizikia lilitatuliwa na mwanafunzi wa sanaa kwa kupanga mtande na mshindio.

Mwenzake Otti Berger alikwenda mbali zaidi. Alidai kwamba mbunifu wa nguo apewe haki zile zile anazopewa mvumbuzi wa mashine, na mwaka 1934 alipata hataza ya Ujerumani kwa kitambaa cha samani chenye tabaka mbili. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, alinyimwa ruhusa ya kufanya kazi, na mwaka 1944 aliuawa katika kambi ya Auschwitz. Nalitaja jambo hili kwa sababu mara nyingi twasikia kwamba sanaa ya nguo ni kazi ya starehe. Historia yake haikuwa ya starehe kwa wote.

Albers alikimbilia Marekani mwaka 1933, akafundisha katika chuo cha Black Mountain, jimbo la North Carolina. Njia yake ya kufundisha inastahili kuigwa hapa kwetu. Hakuwaanzisha wanafunzi kwenye mtambo uliokamilika. Aliwataka wafikiri kama watu wasio na chombo chochote, wagundue upya hatua za mwanzo za ufumaji. Kwa mazoezi ya kuutambua mguso wa vitu walitumia hata punje za mahindi na karatasi zilizosokotwa. Na alipotoa kitabu chake kikubwa juu ya ufumaji, mwaka 1965, alikitabarukia wafumaji wa kale wa Peru, akiwaita walimu wake wakuu. Mtaalamu huyo, ambaye mwaka 1949 alikuwa tayari amefanyiwa maonyesho ya peke yake katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, hakuona aibu kujiita mwanafunzi wa watu ambao hawakuwa na shule.

Katani yetu mikononi mwa wengine

Mfano wa pili unatugusa karibu zaidi. Mkonge uliingizwa katika nchi hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche ilitoka Florida ikapitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalitokea mashamba yaliyoifanya Tanganyika iongoze duniani kwa katani. Mwaka 1964 uzalishaji ulifikia kiasi cha tani 230,000. Baadaye kamba za plastiki ziliiteka biashara ya kufungia majani na mizigo, bei ikaanguka, na pamoja na sababu nyingine za ndani, mashamba mengi yakageuka vichaka.

Sasa tazama jambo hili. Katika miaka ile ile ya 1960, msanii wa Poland, Magdalena Abakanowicz, alikuwa akikusanya kamba kuukuu za katani, akizifumua uzi kwa uzi, akiziosha na kuzitia rangi, kisha akifuma kwazo maumbo makubwa yaliyoning'inia kutoka darini, marefu kuliko mtu. Mwaka 1965 alipata medali ya dhahabu katika maonyesho ya kimataifa ya São Paulo, na maumbo yake yakaitwa Abakan kwa jina lake. Huyu alikuwa amehitimu katika shule ya sanaa ya Warsaw mwaka 1954, na kwa muda mrefu alifundisha katika shule ya sanaa ya Poznań. Kazi zake zimehifadhiwa katika majumba makubwa ya sanaa. Jumba la Tate Modern la London lilizionyesha kwa pamoja mwaka 2022 na 2023.

Sisi tulikuwa na katani kwa malaki ya tani, na tuliyoifahamu zaidi ilikuwa katika marobota yaendayo melini. Yeye alikuwa na kamba zilizotupwa, akaiona tabia ya unyuzi ule: kwamba husimama, hubeba uzito wake wenyewe, hunywa rangi bila usawa na hivyo kutoa vivuli. Lignini ile ile iliyoizuia katani isiwe shati ndiyo iliyoiwezesha kuwa sanamu. Sisemi kwamba sanamu zingeyaokoa mashamba ya Tanga. Nasema kwamba taifa lililoitegemea katani kiasi kile lilipaswa kuwa na watu wanaouliza, kwa mikono na kwa darubini, katani yaweza kuwa nini zaidi ya kamba. Swali hilo bado lipo. Jani la mkonge linapopita korona, nyuzi zinazopatikana ni kiasi cha asilimia 4 tu ya uzito wake. Zilizobaki ni maji na makapi. Hale, mkoani Tanga, makapi hayo yamewahi kutumika kuzalishia gesi na umeme. Hiyo ni kazi nzuri ya wahandisi. Lakini ile asilimia 4 nayo yahitaji wabunifu.

Elimu iliyokatika

Wako wanaodhani kwamba ufumaji ni jambo la kigeni kwetu. Wachimbuzi wa mambo ya kale walipochimba Kilwa na Shanga walikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, navyo ni vyombo vya kusokotea uzi. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa huko zilipelekwa hadi Misri. Katika karne ya 19 nguo za viwanda vya Massachusetts zilifurika Unguja kwa bei ambayo mfumaji wa mkono hakuweza kushindana nayo, na jina la merikani limebaki katika lugha yetu kuwa ushahidi. Kanga nayo, ambayo hakuna nguo iliyo yetu zaidi yake, kwa miaka mingi ilichapwa Uholanzi, Uingereza, Uhindi na Japani, mpaka viwanda kama Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, vilipoanza kuichapa hapa.

Hata hivyo elimu haikufa yote. Wanawake wa pwani bado wanasuka ukili kwa ukindu, na mizizi ya mdaa inajulikana kwa kutoa rangi nyeusi ya mikeka. Waganda wanatengeneza nguo ya gome la mutuba kwa kulipiga kwa nyundo za mti mpaka lipanuke mara kadhaa, wala hawaui mti. Gome huota tena. Mwaka 2005 ufundi huo ulitangazwa na UNESCO kuwa miongoni mwa tunu za urithi wa binadamu. Katika chuo cha Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa katika miaka ya 1930, shule inayobeba jina lake inafundisha usanifu wa nguo pamoja na uchoraji na uchongaji.

Lakini tazama pia hatari ya kufanya kazi hii bila elimu. Batiki zetu nyingi hutiwa rangi za maji ya baridi, zilizoingia sokoni mwaka 1956. Molekuli za rangi hizi hufungamana na selulosi kabisa, mradi pawe na magadi soda ya kuyapa maji nguvu inayotakiwa. Hata hivyo, sehemu ya rangi hufungamana na maji badala ya pamba, nayo ndiyo inayotoka wakati wa kusuuza na kutiririka mtaroni. Wengine hutumia rangi zinazohitaji kostiki soda na haidrosalfaiti. Kostiki hula ngozi. Haidrosalfaiti ikilowana hutoa gesi yenye kuwasha mapafu. Nimewaona akina mama hodari wakizikoroga kwa mikono mitupu, watoto wakiwa kando. Hawa ni wasanii, na hakuna aliyewafundisha kemia, kwa kuwa sisi wenye kemia tuliamua kwamba rangi za nguo ni mambo ya wasanii.

Hoja mbili za kupinga

Wapinzani wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina masomo ya uhandisi na teknolojia ya nguo, na Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret vivyo hivyo. Kwa nini basi tuwaweke wafumaji katika sanaa? Jibu langu ni kwamba kazi hizi mbili zinategemeana wala hazifanani. Mhandisi hufunzwa kuufanya mtambo ufume vizuri kile kilichokwisha amuliwa. Mwanafunzi wa sanaa hufunzwa kuuliza kama kilichoamuliwa ndicho. Kitambaa cha Bernau hakikuagizwa kwa kipimo cha kiwandani. Kilipatikana kwa sababu mtu alipewa muda wa kukaa na nyuzi na kushindwa mara nyingi. Kiwanda hakiwezi kumpa mtu muda huo. Chuo chaweza.

Hoja ya pili ni ya umaskini: kwamba nchi yenye upungufu wa madawati haiwezi kugharimia sanaa. Hoja hii naiheshimu. Lakini kitanda cha mfumi cha mbao chaweza kutengenezwa na seremala wetu kwa mbao zetu, na malighafi yake inaota Shinyanga na Tanga. Ni vyombo vichache vya kufundishia katika chuo chochote vinavyodai fedha za kigeni kidogo kiasi hicho. Isitoshe, sehemu kubwa ya pamba yetu bado inauzwa nje baada ya kuchambuliwa tu, bila kusokotwa wala kufumwa. Anayeuza pamba ghafi na kununua nguo hulipia ubunifu wa wengine kila anapovaa.

Yatakiwayo kufanywa

Napendekeza mambo manne. Kwanza, mwanafunzi wa sanaa ya nyuzi asome muhula mmoja wa kemia ya selulosi na rangi katika maabara, apime mwenyewe kama rangi yake inastahimili jua, jasho na sabuni, na ajifunze kuzimua na kutupa maji ya rangi bila kudhuru watu. Pili, mwanafunzi wa uhandisi wa nguo akae muhula mmoja kwenye kitanda cha mkono, ili vidole vyake vijue kile ambacho mtambo unakificha. Tatu, wasusi wa ukili, wapiga magome na watia batiki waalikwe vyuoni kuwa walimu, kwa malipo ya mwalimu na si kwa posho ya mgeni wa maonyesho. Ujuzi wao uandikwe pamoja na majina ya miti, vipimo na hatua. Nne, kila chuo chenye somo hili kiweke hifadhi ya vipande vya nguo na nyuzi, kila kipande kikiwa na maelezo ya kilivyotengenezwa, kama vile wenzetu wa mimea wanavyohifadhi majani makavu.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji jengo jipya. Yanahitaji idara mbili zikubali kugawana ratiba, na mkuu wa chuo akubali kutia sahihi. Kuhusu kikao kilichoahirisha hoja yake, wajumbe tutakutana tena. Kabla hatujapiga kura, nawaomba wenzangu wa sayansi wafanye jambo moja dogo: waingie katika chumba kile ambacho wengi wetu hatujapata kukikanyaga, wakae kitandani, wafume shibiri moja ya nguo, kisha waihesabu mitande yake. Baada ya hapo na waseme kama kazi hiyo haihitaji chuo.